Ukoko wa birika la dada: historia fupi ya jiwe jeupe la Makutupora

Agosti mwaka jana, saa tatu usiku, dada yangu alinipigia simu kutoka Makutupora. Hata salamu hakumaliza. "Mdogo wangu, ile mashine yako imekufa, na mtoto amelala anakohoa."

"Mashine yangu" ni hyumidifaya, kile kifaa kidogo cha plastiki kinachojazwa maji na kutoa ukungu ili hewa ya chumbani isikauke sana. Nilimnunulia mimi Dar es Salaam. Dodoma kuanzia Juni hadi Septemba hewa ni kavu, upepo unapiga, midomo inapasuka, na mtoto wake wa miaka miwili alikuwa analala pua zimeziba. Kifaa kilifanya kazi wiki tano. Halafu ukungu ukapungua, meza na kioo cha kabati vikaanza kuota vumbi jeupe, na chini, kwenye kile kisahani kinachotetemeka, kukawa na gamba gumu kama chokaa.

"Nikwangue na kisu?"

"Hapana dada, utakiharibu."

"Basi nitie jiki, nikiwashe kikae usiku kucha kijisafishe?"

Hapo nikakaa kitako. Nikamwambia asitie jiki, wala asikiwashe kabisa usiku ule. Akauliza atie nini sasa, nami, msomi wa maji ya ardhini, nikajibu haraka haraka: "Tia ukwaju." Ulikuwa ushauri mbovu, na nitaeleza kwa nini. Ila swali lake lilinikaa kichwani, kwa sababu lile gamba jeupe lina historia ndefu kuliko umeme, kuliko reli, na kuliko mji wenyewe wa Dodoma.

(Kabla hatujaendelea: Makutupora ninayoisema ni ile iliyo kaskazini mwa jiji la Dodoma, yenye visima na mizabibu. Ile inayotajwa kwenye kipande cha reli ya SGR kutoka Morogoro iko wilaya ya Manyoni, mkoani Singida. Watu wengi huzichanganya.)

Nyika iliyoitwa Maji Makali

Katika karne ya 19, misafara ya pembe na ya watumwa iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo. Baada ya Mpwapwa ilifika kambi iliyoitwa Chunyo, na mbele yake kulikuwa na nyika ya takriban maili 30, karibu kilomita 50, isiyo na maji ya kutegemea. Jina lake liliandikwa na Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, na tena na Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871: Marenga Mkali.

Jina hilo ni la mchanganyiko. "Malenga" kwa Kigogo ni maji (usifikirie malenga wa mashairi), na "mkali" ni Kiswahili cha wapagazi, ambao hawakujali sana ngeli. Maana yake ni maji makali, yaani yenye chumvi na uchungu. Na ukifungua kamusi ya Kiswahili utakuta neno "chunyu": ule ukoko wa chumvi unaobaki mwilini mtu akitoka kuoga baharini. Sisemi kwamba kambi ya Chunyo ilipewa jina kwa sababu hiyo. Nasema tu kwamba lugha yetu ilikuwa na neno la ukoko unaoachwa na maji yanapokauka kitambo kabla birika la umeme halijafika.

Msafara uliondoka Chunyo mchana, ukatembea hadi giza, ukalala bila maji, ukamalizia safari asubuhi. Mwendo huo wa alasiri wapagazi waliuita tirikeza. Wakishavuka, wakaingia Ugogo, walikuta watawala wa Kigogo wakisubiri hongo. Wasafiri wa Ulaya waliilalamikia sana hongo hiyo kwenye vitabu vyao. Lakini tazama kwa jicho la mwenyeji: mtu na punda mia kadhaa wanafika kwa mkupuo kwenye kisima ambacho kijiji kimekichimba kwa mikono, katika nchi inayopata mvua msimu mmoja tu kwa mwaka. Maji yalikuwa mali, na mwenye kisima alikuwa na sauti.

Injini nayo hunywa maji

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, na Dodoma 1910. Wapagazi wakapungua, ila kiu haikuisha. Treni ya mvuke ni birika kubwa lenye magurudumu, na birika lolote linalochemsha maji magumu huota ukoko.

Nyumbani ukoko unakuchelewesha chai tu. Kwenye injini ulikuwa hatari. Gamba linazuia joto lisifike kwenye maji, kwa hiyo kuni au makaa mengi zaidi yanateketea kwa kazi ileile. Chuma kilicho chini ya gamba kinapata joto kupita kiasi, kinalegea, na mwisho kinaweza kupasuka. Ndiyo maana kila karakana ya injini za mvuke duniani ilikuwa na siku za kuzima moto, kufungua tangi na kuosha ndani.

Na hapa mhandisi wa karne ya 19 alifanana sana na dada yangu: alitafuta dawa jikoni. Katika nchi nyingi mafundi walitupa viazi ndani ya tangi la injini. Wengine walitia magome ya miti yenye tanini, ile dawa chungu inayotumika kulainisha ngozi. Yalisaidia kiasi. Wanga na tanini huzizunguka chembe za chokaa zisishikane na kugandia chuma, zikabaki tope laini linaloweza kumwagwa. Viazi havikuyeyusha jiwe, vilizuia tu lisijengeke. Ishike tofauti hiyo, tutaihitaji.

Visima vilivyojenga makao makuu

Mji uliozaliwa na reli ulihitaji maji, na yakapatikana chini ya bonde la Makutupora. Rekodi za kina cha maji katika visima vile zinaanzia miaka ya 1950, jambo ambalo ni nadra sana katika Afrika ya kitropiki. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Mwaka 2016 serikali ikatangaza kuhama kwa vitendo, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Katika hatua zote hizo, watu waliokuja walikunywa Makutupora.

Zile rekodi ndizo zilizonifanya nisome fani hii. Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti ulioongozwa na Richard Taylor wa University College London pamoja na watafiti wa Tanzania. Walipanga vipimo vya miaka 55 vya Makutupora kwenye mstari mmoja, wakaona kwamba maji ya chini hayajazwi kidogo kidogo kila mwaka kama tunavyodhani. Miaka mingi mstari unashuka tu. Halafu inakuja masika moja kubwa, mara nyingi ya El Niño, na mstari unaruka juu. Mruko mkubwa kuliko yote ni wa msimu wa 1997/98, ile mvua ambayo kila mtu mzima Tanzania anaikumbuka kwa mafuriko. Tafiti za baadaye zikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maji hayo huingia ardhini kupitia mchanga wa mito ya msimu kama Kinyasungwe Ndogo.

Maana yake ni kwamba maji unayofungulia bombani leo yanaweza kuwa yamekaa chini miaka mingi, yakilamba mawe. Mvua inaposhuka huchukua hewa ya ukaa angani, na nyingine zaidi kwenye udongo, ikawa asidi dhaifu sana. Asidi hiyo inayeyusha kalsiamu na magnesiamu. Juani kwetu maji mengi huvukia kabla hayajazama, lakini madini hayavukii. Yanabaki na kujikusanya. Ndiyo maji magumu hayo.

Bwana Black na mapovu

Kwa nini yaliyeyuka chini ya ardhi halafu yagande kwenye birika? Jibu lilianza Scotland. Katika miaka ya 1750 Joseph Black alimwagia asidi chokaa na mawe ya aina hiyo, akaona yanatoa mapovu ya hewa fulani. Akaonyesha kwamba hewa hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya jiwe. Leo tunaiita kaboni dayoksaidi.

Hewa hiyo ndiyo ufunguo. Ikiwepo ya kutosha ndani ya maji, kalsiamu inabaki imeyeyuka. Ukichemsha, hewa inatoroka, na kalsiamu inarudi kuwa jiwe hapohapo kwenye chuma cha moto. Hyumidifaya nyingi za siku hizi hazichemshi kitu: kisahani kinatetemeka kwa kasi kubwa na kurusha maji kama ukungu. Kila tone likikauka hewani linaacha madini yake, na lile ndilo vumbi jeupe la kwenye kabati la dada. Mengine hukaukia kwenye kisahani na kuganda.

Mwaka 1841 Thomas Clark, profesa wa kemia huko Aberdeen, alipata hataza ya njia ya kulainisha maji kwa kuyatia chokaa iliyoungua. Alipima ugumu wa maji kwa sabuni, na kipimo chake unaweza kukifanya leo. Chukua chupa mbili, moja ya maji ya bomba na moja ya maji ya mvua. Tia kila moja matone matano ya sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, kisha tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya Makutupora itatoa uji mweupe na povu la kusuasua. Wamama wanaofua kwa maji ya kisima wanaijua hesabu hii bila Clark: sabuni inaisha mapema.

Na je, ukoko huu unadhuru mwili? Swali hili naulizwa kila nikienda Makutupora, hasa kuhusu mawe kwenye figo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji ya kunywa. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili wenyewe unayahitaji. Kwa hiyo ukoko wa birika si sumu. Hatari iko kwenye kile tunachokitia ili kuuondoa.

Vitu vichachu vya kwetu

Jiwe la kalsiamu kabonati lina adui mmoja wa asili, nao ni uchachu. Pliny, mwandishi wa Kirumi, alisimulia kwamba Kleopatra aliyeyusha lulu kwenye siki akainywa ili kushinda dau. Wanahistoria wanaitilia shaka habari hiyo, lakini lulu ni kalsiamu kabonati ileile ya kwenye birika, na siki huila kweli, ingawa taratibu. Pwani yetu masinia na madele ya shaba yamesuguliwa kwa ndimu au ukwaju na majivu. Na Dodoma imejaliwa uchachu: ukwaju, ubuyu unaoning'inia kila upande wa barabara, na zabibu, ambazo kituo chake cha utafiti kiko palepale Makutupora.

Ndiyo maana nilisema ukwaju bila kufikiri. Wiki ile dada akafanya nilivyosema. Akaloweka, akakamua, akamimina. Siku ya kwanza gamba lililegea kidogo. Siku ya tatu kifaa kikaanza kunuka uvundo, na kwenye pembe za tangi kukaota utelezi mweusi. Alinipigia akiwa mpole kuliko nilivyostahili. "Mdogo wangu, umeniotesha ukungu ndani ya mashine ya mtoto."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimesahau mambo mawili ambayo historia ya asidi hizi ingenikumbusha.

La kwanza ni kwamba asidi kuu ya ukwaju na zabibu ni ya tataric. Carl Wilhelm Scheele, mkemia wa Uswidi, aliipata mwaka 1769 kutoka kwenye jiwe linaloganda ndani ya mapipa ya divai. Ndiyo, divai nayo huota ukoko! Asidi hiyo ikikutana na kalsiamu hutengeneza chumvi isiyoyeyuka vizuri kwenye maji. Kwa hiyo ukwaju unaweza kuondoa gamba moja na kuacha utando wa jingine.

La pili ni sukari na nyuzi. Ukwaju, ubuyu na maji ya zabibu ni chakula, na kinachotulisha sisi kinalisha kuvu na bakteria pia. Kwenye sufuria ya shaba unaosha na kufuta, yanaisha. Kwenye kifaa chenye vijitundu, kinachopuliza kila kilichomo kwenye mapafu ya mtoto, umekosea.

Scheele huyohuyo alinipa jibu. Mwaka 1784 alitenga asidi ya sitriki kutoka kwenye maji ya malimau. Na aliinasaje? Kwa chaki. Asidi ilijishikiza kwenye kalsiamu ikazama chini, kisha akaitoa kwa asidi kali. Yaani mapenzi ya limau kwa kalsiamu, yale tunayoyatumia kusafisha birika, ndiyo yaliyotumika kuigundua. Kwa zaidi ya karne moja iliyofuata asidi hiyo ilitoka kwenye malimau, hasa ya Italia. Mwaka 1917 James Currie, mtafiti wa Marekani, alichapisha njia ya kuitengeneza kwa kulisha sukari kuvu aitwaye Aspergillus niger, na mwaka 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuizalisha hivyo. Leo inauzwa dukani kwa pakiti ndogo, na Waswahili tuna jina lake zuri: ndimu ya unga. Haina sukari wala nyuzi, na haiachi harufu.

Mambo mawili ya kuogopa

Sasa turudi kwenye jiki. Mnamo tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungulia mitungi ya gesi ya klorini ikapeperushwa na upepo hadi kwenye mahandaki ya adui. Gesi hiyohiyo hutoka ukichanganya dawa ya klorini ya kutakatisha nguo na siki au ndimu. Kiasi ni kidogo, ndiyo, lakini chumba nacho ni kidogo, na mtoto amelala humo. Kwa hiyo kitu kichachu na jiki visikutane kamwe, hata kwa dakika moja, hata kwenye ndoo ya chooni.

La pili ni Korea Kusini. Kuanzia mwaka 1994 kuliuzwa huko dawa za kutia ndani ya maji ya hyumidifaya ili yasiote vijidudu. Zilionekana ni usafi wa kisasa. Baadhi zilikuwa na kemikali iitwayo PHMG, ambayo haikuwa na sifa mbaya ilipotumika kusafishia vitu. Hakuna aliyehakikisha kwanza inafanya nini ikivutwa kama ukungu usiku kucha. Mwaka 2011 madaktari waliona kina mama wajawazito na watoto wakifa kwa ugonjwa wa mapafu usioeleweka, na uchunguzi wa serikali ukazifikia zile dawa. Mamia ya watu walikufa, na kesi ziliendelea kwa miaka mingi. Walionunua hawakuwa wazembe. Walikuwa wazazi waliotaka hewa safi kwa watoto wao, kama dada.

Somo lake ni fupi: chochote utakachotia kwenye hyumidifaya iliyowashwa, umekitia kifuani. Dawa yoyote, hata ndimu, inatumika kifaa kikiwa kimezimwa, kisha inasuuzwa mpaka iishe.

Tunavyofanya sasa Makutupora

Tulikubaliana utaratibu na dada, naye amenirekebisha mara mbili tatu. Anachomoa waya. Anamwaga maji yaliyobaki, kila siku, hata kama hakuna gamba, kwa sababu maji yaliyolala huota vijidudu. Mara moja kwa wiki anakoroga kijiko kimoja kikubwa cha ndimu ya unga kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, anamimina kiasi cha kufunika kisahani, anasubiri nusu saa. Ndimu ikikosekana, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu. Mapovu yakionekana, Bwana Black anamsalimia. Gamba likiwa nene anamwaga na kurudia kwa dawa mpya, maana ya kwanza imeshachoka. Kisha mswaki laini, bila kisu wala steliwaya. Anasuuza mara tatu na kuacha kikauke.

Watu wengi huchanganya siki na bekingi soda wakifurahia povu. Povu lile ni vitu viwili vinauana. Soda inaua uchachu, na kinachobaki hakina nguvu ya kuyeyusha jiwe lolote. Tumia uchachu peke yake.

Ila dawa bora ni ile ya mafundi wa viazi: zuia jiwe lisijengeke. Msimu wa mvua dada anakinga maji safi ya bati kwa ajili ya kifaa. Yakiisha, na kufikia Agosti huwa yameisha, anachemsha maji ya bomba, anayaacha yapoe na kutulia, anachota ya juu. Ukoko unabaki kwenye sufuria badala ya kwenye hyumidifaya, na vumbi la kabatini limepungua, ingawa halijaisha.

Juzi nilimtembelea. Mtoto alikuwa amelala, anapumua vizuri. Dada alinipa chai, akanionyesha kipande cha gamba alichokibandua kwenye birika, kama ukucha, cheupe, chenye tabaka nyembamba nyembamba. Alikuwa amekiweka kwenye kisosi dirishani.

"Nilitaka kutupa," akasema, "halafu nikakumbuka ulivyosema maji haya yanakaa chini miaka. Hii ni mvua ya lini?"

Nikamwambia huenda imo kidogo ya ile ya 1998. Yeye mwaka ule alikuwa darasa la tatu, na daraja la kwenda shule lilisombwa. Alikitazama kile kipande kwa muda, akakirudisha kwenye kisosi.